Mgongo wa Mwezi

Mwalimu wa sayansi aliondoka katikati ya mhula bila kuliaga darasa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka yamejaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, na walimu wengi walikuwa wakisimama mbele ya ubao huku mawazo yao yako sokoni. Yeye alikwenda mjini Dodoma kuuza mitumba. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa. Ila mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanikabidhi azimio la kazi la mwenzangu, akaniambia kuanzia Jumatatu nifundishe sayansi darasa la tano.

"Mimi nimesomea Kiswahili na historia, mzee," nilimwambia.

"Najua," alisema. "Lakini unajua kusoma."

Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tangu nitoke chuo. Kwetu ni Busi, Kondoa, na shule niliyopangiwa ilikuwa upande wa Mkonze, pembeni mwa mji, ambako nyumba za bati zilikuwa zinakutana na mashamba ya uwele na mtama. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu wa mjini hasa. Wazee wake walikuja na misafara ya zamani ya wafanyabiashara, wakabaki, na yeye mwenyewe alikuwa akiuza vitenge. Aliniita mwanangu. Mimi nilimwita mama, na baada ya miezi michache sikuona tofauti.

Azimio la kazi lilisema wiki ile ni "Usiku na Mchana", na wiki inayofuata ni "Sura za Mwezi". Usiku na mchana niliufundisha vizuri, au nilidhani hivyo. Nilisema jua linaangaza upande mmoja wa dunia, na upande wa pili ambao jua halifiki ndio wenye usiku. Nikasema, tena kwa kujivuna kidogo, kwamba usiku ni kivuli cha dunia yenyewe. Watoto waliandika. Nilipita kati ya madawati nikiweka vema kwenye madaftari.

Wiki iliyofuata nikasimama tena. Tulikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, kumi la mwisho limeanza, na saa mbili asubuhi koo langu lilikuwa tayari limekauka. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: *Mwezi hubadilika sura kwa sababu kivuli cha dunia huufunika kidogo kidogo.*

Sikumbuki nani aliniambia hivyo. Nadhani hakuna aliyeniambia. Lilikuwa mojawapo ya mambo ambayo mtu anaona ameyajua siku zote, wala hakumbuki siku aliyojifunza. Nilichora duara, nikapaka chaki upande mmoja, upande mwingine nikauacha mweusi. Watoto waliinama wakaanza kunakili.

Msichana mmoja hakuinama. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, wa miaka kumi na minne hivi, ameanza shule akiwa amechelewa kwa sababu ya kuchunga. Kwao walizungumza Kigogo, na Kiswahili chake kilitoka polepole, neno moja moja, kama mtu anayehesabu mbuzi wakitoka zizini. Alikuwa akitazama dirishani.

"Mwalimu," alisema, "mwezi uko nje."

Wenzake walicheka. Nikamwambia aangalie ubao.

"Upo, mwalimu. Ule pale."

Nilisogea dirishani. Kweli, ulikuwepo, nusu, mweupe kama kipande cha wingu, juu kabisa upande wa magharibi. Jua lilikuwa upande wa pili, mashariki, linatuchoma. Nilikuwa nimeuona mwezi wa asubuhi mara nyingi maishani, lakini sikuwahi kuutazama.

"Vizuri," nilisema. "Umeona nusu. Hiyo nusu nyingine imefunikwa na kivuli cha dunia."

Alisimama, akautazama tena mwezi. Kisha akasema, "Wiki ile ulisema kivuli cha dunia ndio usiku."

"Ndiyo."

"Sasa ni asubuhi. Sisi tuko juani. Kivuli kiko chini huko, kwa wenye usiku. Kimefikaje kule juu?"

Hakuwa na jeuri. Alikuwa anauliza kama mtu aliyepoteza kitu akiuliza kama umekiona. Watoto waliacha kuandika. Nilitazama ubao, nikatazama dirisha, nikatazama ubao tena. Ningeweza kusema sijui. Hilo nimelifikiria miaka mingi: neno moja tu, tena fupi. Badala yake nilisema, "Kaa chini umalize kunakili." Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia.

Alikaa. Nikaweka vema kwenye madaftari ya mbele, nikafuta ubao kabla ya kengele.

Siku iliyofuata hakuja shule. Wala siku ya pili yake.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kuchoka mapema, amebakiza miaka michache astaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nataka kuuliza. Mwezi unakuwa nusu kwa sababu gani?"

Aliinua macho. "Kivuli cha dunia. Si ndivyo ilivyo?"

"Na ule wa asubuhi, jua likiwa limewaka?"

Aliinuka, akaenda dirishani, akasimama pale muda. Mwezi ulikuwepo, mwembamba kidogo kuliko siku ile ya darasani. Alijikuna kidevu.

"Ule," alisema hatimaye, "ni wa asubuhi."

Akarudi kukaa. Kisha akafungua kabati na kunitolea vitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha zamani, ambacho shule zote zilikuwa nacho, na ukurasa wa mwezi ulikuwa umechanwa. Kingine kilikuwa kipya, kimoja kati ya vile vilivyoanza kuletwa na wachapaji binafsi, chenye picha za rangi na harufu ya gundi. "Fundisha kitabu kinavyosema," alisema, "halafu nijulishe na mimi."

Nilikibeba kile kipya nyumbani kama kitu cha kuvunjika. Jioni baada ya futari nilikaa uani na taa ya chemli nikakifungua. Kulikuwa na picha: dunia katikati, jua kulia, na mwezi umechorwa mara nane kuizunguka dunia. Hapo sawa. Lakini nje ya ile miezi minane kulikuwa na miezi mingine minane, na sura zake hazikufanana na za ile ya ndani. Miezi ya ndani yote ilikuwa nusu nyeupe nusu nyeusi. Ya nje mmoja ulikuwa mweusi wote, mwingine kipande, mwingine nusu, mwingine mweupe wote. Nilihesabu mara tatu. Miezi kumi na sita, na maelezo yalikuwa mistari miwili tu, yaani: tazama picha.

Halafu nikaona jambo lililonivuruga kabisa. Mwezi uliokaa nyuma ya dunia, mbali na jua, mahali ambapo kivuli cha dunia kingekuwepo kama kipo popote, ndio ulioandikwa "mwezi mpevu". Ulikuwa umeng'aa wote. Na mwezi uliokaa upande wa jua, mahali ambapo hakuna kivuli chochote, ndio uliokuwa mweusi, umeandikwa "mwezi mpya". Ilikuwa kinyume cha kila nilichowaandikia watoto. Nilifikiri mchoraji amekosea. Nilifikiri hivyo kwa siku mbili nzima, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kufikiri kwamba nimekosea mimi.

Nilichukua limau jikoni, nikaiweka taa mezani, nikawa nalizungusha limau na kichwa changu kama dunia. Kila nilipolipeleka nyuma yangu, kichwa kilizuia taa na limau likawa jeusi. Kivuli tena.

Mama mwenye nyumba alitoka na birika. "Hilo limau ni la daku?"

"Hapana, mama. Ni mwezi."

Aliweka birika chini akaketi. Nilimwonyesha kitabu. Alikitazama kwa heshima, akaweka kidole kwenye mwezi mweusi.

"Hapa wameandika nini?"

"Mwezi mpya."

"Huo mweusi ndio mpya? Nani kauona?"

"Hakuna. Hauonekani."

"Mwanangu, mwezi ambao hakuna aliyeuona haujawa mpya. Huo ni giza. Mpya ni ule wa mwandamo, ukiuona kwa macho." Alikifunga kitabu taratibu. "Mimi naweza kukwambia utauona wapi. Magharibi, jua likishatua, chini chini. Mpevu hutoka mashariki jua likizama. Huu unaokonda sasa, utautafuta alfajiri, mashariki, karibu na jua, mpaka jua liumeze. Haujawahi kukosea tangu nizaliwe."

"Kwa nini iwe hivyo?"

"Hilo aulizwe aliyeuumba," alisema, akamimina chai.

Nilijua yote aliyoyasema. Busi tulikuwa tunapanda kwenye kilima, watoto kwa wazee, kuutafuta mwandamo magharibi, na kila mwaka tuliupata kule kule. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hatujawahi kuutafuta mashariki. Nilikuwa nimefuzu chuo nikiwa sijawahi kujiuliza, na binti wa kuchunga alikuwa ameliuliza kwa swali moja.

Siku zilizobaki za mfungo niliutazama mwezi kila alfajiri baada ya daku. Ulikonda kama alivyosema. Asubuhi moja ulikuwa kama ukucha, umekaa juu ya mahali jua lilipokuwa linajiandaa kutoka, na ule upande wake mwembamba wenye mwanga ulikuwa chini, kuelekea jua. Niliandika hilo kwenye daftari langu: upande wenye mwanga uko kwa jua. Sikujua linamaanisha nini. Niliandika tu kwa sababu mwalimu asiyejua anapaswa angalau kuwa na maandishi.

Jioni ya kuutafuta mwandamo mawingu yalitanda. Watu walisimama barabarani wakitazama magharibi, wakarudi ndani bila kitu. Baadaye redio ikatangaza kwamba umeonekana mahali fulani. Jirani wa mbele alikubali, jirani wa nyuma akakataa, na asubuhi yake nyumba moja ilikuwa inapika pilau na nyingine inafunga. Jioni ya Idd mawingu yalifunguka na sote tukauona. Mama mwenye nyumba aliutazama kwa jicho la mtu anayepima kitenge.

"Mnene," alisema. "Huu ni wa jana. Redio haikudanganya."

Mimi sikuutazama unene. Nilitazama jinsi ulivyokaa. Ulikuwa umelala chali kama bakuli, pembe zote mbili juu. Kwenye kitabu mwezi wa siku ya kwanza ulikuwa umesimama wima kama mundu ulioegemezwa ukutani. Nilikimbia ndani nikakileta kitabu, nikakishika kando ya mwezi, nikakigeuza upande.

"Sasa huu ni mwezi wa nchi gani?" mama aliuliza.

Kile kitabu nilikuwa nimeanza kukiogopa.

Shule ilipofunguliwa baada ya Idd, dawati la yule binti lilikuwa bado tupu upande mmoja. Nilikuwa nimehesabu siku. Tangu nilipomwambia akae chini hakuwa amekanyaga darasani, na mimi ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeshajihukumu. Nilimwuliza mwenzake wa dawati kwao ni wapi, na mchana baada ya vipindi nikatembea.

Nilipita nyumba za mwisho za Mkonze nikaingia mashambani. Uwele ulikuwa umeshatoa masuke, na hewani kulikuwa na kelele za watoto na mabati yanayogongwa kutoka kila upande. Nilimkuta mama yake kwanza, akipalilia karanga ukingoni mwa shamba. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaona Kiswahili chake hakitoshi, akaniashiria kwa jembe. Katikati ya shamba kulikuwa na dungu la miti, na juu ya dungu alisimama mwanafunzi wangu, na kombeo mkononi.

Alishuka haraka. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yakanipotea. Nikauliza tu, "Uliacha kuja shule kwa sababu yangu?"

Alinitazama bila kuelewa. "Kwa sababu gani, mwalimu?"

"Siku ile. Nilikwambia kaa chini."

"Nilikaa," alisema. Kisha akainua mkono kuelekea juu ya uwele. "Ndege wamekuja. Tukiondoka wanamaliza."

Kwa hiyo ilikuwa ni ndege. Vile vidogo vinavyoshuka kama wingu na kuacha shamba limebaki mabua. Yeye alikuwa akiamia, akiwafukuza ndege tangu alfajiri hadi jioni, na mimi wiki mbili nilikuwa nikijilaumu kwa jambo ambalo yeye hata hakulikumbuka. Nilipata nafuu, na papo hapo nikajiona mdogo sana. Sikujua nicheke au niondoke.

Nilipanda naye dunguni kwa sababu sikujua la kufanya. Juu pale alikuwa amepanga madonge ya udongo, mviringo, makubwa kama mayai ya bata, ameyaanika juani yakauke. Ndiyo risasi za kombeo. Yaliyokuwa yamekauka yalikuwa meupe kabisa, maana udongo wa pale ni mweupe kama majivu. Kundi likashuka upande wa pili wa shamba. Alichukua donge moja, akazungusha, akarusha, na wingu la ndege likainuka na kuhamia shamba la jirani, ambako kelele nyingine ikaanza.

"Jaribu," aliniambia, akanipa donge.

Sikuwa najua kombeo. Nililishika tu donge mkononi, nikanyoosha mkono kama mtu anayelenga. Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Jua lilikuwa nyuma yangu, magharibi. Mbele yangu, mashariki, katika anga ya bluu, palikuwa na nusu mwezi.

Donge lilikuwa karibu kabisa na mwezi machoni pangu. Upande wa juu wa donge, ulioelekea jua, ulikuwa mweupe. Upande wa chini ulikuwa na giza. Upande wa juu wa mwezi ulikuwa mweupe. Upande wa chini haukuwepo.

Sikushusha mkono. Nilihisi kitu kinasogea kichwani mwangu lakini sikukijua jina.

"Njoo usimame hapa," nilimwambia. "Tazama donge, halafu tazama mwezi."

Alikuja nyuma ya bega langu, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mama yake akapiga kelele kutoka chini kwamba ndege wamerudi.

"Vinafanana," alisema.

"Hili giza la kwenye donge, ni kivuli cha nani? Cha dunia?"

"Hapana."

"Cha mkono wangu?"

"Hapana. Mkono uko chini." Alifikiri. "Si kivuli cha mtu. Ni mgongo. Jua halifiki mgongoni kwake."

Alirusha donge jingine kwa ndege bila kuacha kufikiri, kisha akarudi. "Basi mwezi ni huo huo. Na wenyewe una mgongo."

"Lakini kwa nini unabadilika? Kama jua linauangaza nusu kila siku, mbona siku nyingine tunauona wote?" Nilikuwa namwuliza kweli. Sikuwa namtahini.

Alishuka dunguni, akanitaka nibaki juu nimeinua donge. Akaanza kulizunguka dungu, akikanyaga kati ya mistari ya uwele, uso umeangalia juu. Upande wa jua alisimama akasema, "Hapa naliona lote jeupe." Akasogea. "Hapa nusu." Akasogea tena, akainama, akakunja uso kwa sababu jua lilikuwa linamwingia machoni. "Huku kipande kidogo tu." Na alipofika mahali ambapo donge lilikuwa kati yake na jua, alisema, "Hapa ni mgongo mtupu. Jeusi."

"Donge limebadilika?"

"Hapana. Nimebadilika mimi."

Nilikaa chini kwenye miti ya dungu. Ile picha ya kitabu ilinijia, miezi kumi na sita, na kwa mara ya kwanza haikuwa upuuzi. Miezi ya ndani ilikuwa ni madonge, yote nusu nyeupe kwa sababu jua ni moja. Ya nje ilikuwa ni macho ya mtu aliyesimama duniani. Mchoraji hakukosea. Alikuwa amesahau tu kusema.

Nilimwomba mama yake amruhusu binti aje shule asubuhi tu, siku tatu. Binti mwenyewe ndiye aliyetafsiri, na nina shaka alitafsiri siku mbili, kwa sababu ndivyo alivyokuja.

Nilirudi darasani nikawaambia watoto kwamba nilichowaandikia si sahihi. Walinitazama kwa wasiwasi, kama watu walioambiwa shule inafungwa. Mmoja aliuliza, "Sasa kivuli kimekwenda wapi?" Nikawaambia kila mtu kesho aje na donge la udongo limechomekwa kwenye kijiti.

Kesho yake ndiyo siku aliyokuja mkaguzi. Hakuna aliyenijulisha. Alikuwa mwanamume mwenye miwani na faili kubwa, na alipofika akiwa na mwalimu mkuu hakukuta darasa. Alitukuta uwanjani, watoto zaidi ya sitini, kila mmoja amenyoosha mkono na donge lake, wanajizungusha taratibu chini ya jua la asubuhi. Binti yule alikuwa katikati akiwaonyesha jinsi ya kusimama.

"Hiki ni kipindi cha michezo?" aliuliza.

"Sayansi, mzee. Sura za mwezi."

"Mwezi wenyewe uko wapi?"

Ulikuwa umeshazama. Ulikuwa umevuka nusu, bado unakua, na mwezi wa namna hiyo hauwezi kukaa mpaka saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimejua hilo kwa siku chache tu, nikamweleza. Alitikisa kichwa bila kusema ndiyo wala hapana.

Mtoto mmoja alipaza sauti. "Mwalimu, kichwa changu kimeufunika mwezi."

Alikuwa amelipa jua mgongo, na kivuli cha kichwa chake kilikuwa kimeliangukia donge. Lilikuwa jeusi lote. Mahali pale donge lilipaswa kuwa jeupe lote, na hapo ndipo nilipokwama na lile limau.

Mkaguzi alisogea karibu. "Huko ndiko kupatwa kwa mwezi," alisema. "Hapo ndipo kivuli cha dunia kinapoingia."

"Basi mwezi unapatwa kila ukiwa mpevu?" mtoto aliuliza.

Mkaguzi alifungua mdomo. Akanitazama. Nami nikamtazama yeye.

"Mwalimu wenu atawajibu," alisema.

"Sijui," nilisema. Lilitoka lenyewe.

Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Kisha binti yule, ambaye hakuwa akisikiliza wakubwa, aliinua mkono wake juu zaidi, donge likapita juu ya kivuli cha kichwa chake likang'aa lote. Akaushusha, likapita chini ya kivuli, likang'aa tena. Akarudia. "Ukipita juu kidogo, kichwa hakiufikii," alisema. "Labda unapita juu."

Mkaguzi alimwomba mtoto wa karibu amwazime donge. Alilishika kwa vidole viwili ili asichafue shati, akajizungusha mzima, polepole, miwani yake inang'aa. Alipomaliza alirudisha donge akaandika kitu. Baada ya kuondoka nilikuta maneno yake kwenye andalio langu la somo: *Mwalimu ana juhudi. Wanafunzi wafundishwe wakiwa ndani ya darasa.* Mpaka leo sijajua kama alinisifu au alinikaripia. Mwalimu mkuu aliyasoma mara mbili, akasema, "Yote mawili."

Baada ya siku zile mbili binti alirudi kwenye ndege, na tulimwona tena uwele ulipokwisha kuvunwa. Mwisho wa mhula nilitunga mtihani. Swali la nne lilikuwa: Kwa nini mwezi hubadilika sura? Zaidi ya nusu ya darasa waliandika, neno kwa neno, kwamba kivuli cha dunia huufunika kidogo kidogo. Hata wale waliojizungusha uwanjani mpaka wakasikia kizunguzungu. Nilikaa na kalamu nyekundu sijui nifanye nini. Kuwakosesha ni kuwaadhibu kwa kunisikiliza. Kuwapa ni kuudanganya mtihani. Niliacha swali la nne bila alama kwa darasa zima, jambo ambalo halikuwaridhisha waliokosea wala waliopata, na binti alikuwa miongoni mwa waliopata. Alikuja kuniuliza alama yake iko wapi. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye hakukubali.

Tulipofungua mhula wa pili niliwaambia wafungue madaftari ya sayansi, watafute ukurasa ule, wapige mstari kwenye sentensi yangu. Nilipita kati ya madawati kuangalia. Wengi walipiga. Mvulana mmoja wa mbele alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto.

"Mbona hupigi mstari?"

"Mwandiko ni mzuri, mwalimu," alisema. "Na wewe uliweka vema."

Niliinama nikaitazama. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli. Nikamwachia.